Mbegu Isiyowekewa Akiba: Tafakuri Kuhusu Minyoo Bapa, Uzazi na Utasa

Waswahili husema kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii hutumiwa kumkumbusha mzazi wajibu wake, na kwa maana hiyo haina dosari. Hata hivyo, ndani yake mna dhana moja ambayo aghalabu haihojiwi: kwamba kuzaa ni jambo jepesi, linalojijia lenyewe kwa kila kiumbe aliyekamilika viungo. Mwanamke aliyekaa katika ndoa miaka kumi akitazamwa tumbo na mawifi hawezi kukubaliana na dhana hiyo. Wanasayansi wa elimu ya viumbe nao hawakubaliani nayo. Kwa zaidi ya karne moja wamekuwa wakiuliza swali ambalo kwa juujuu laonekana la kitoto: seli zinazozaa hutoka wapi? Mojawapo ya majibu ya kushangaza mno limepatikana, si kwa simba wala kwa tembo, bali kwa mnyoo bapa, kidudu chembamba kama jani ambacho watu wengi hukikanyaga matopeni pasi na kukiona.

Ili kuuelewa mshangao huo, yafaa kuanza na fikra iliyotawala. Mnamo mwaka wa 1892, mwanabiolojia Mjerumani August Weismann alichapisha nadharia yake kuhusu urithi. Alishikilia kwamba mwili wa mnyama umegawanyika katika matapo mawili. Kuna seli za mwili, zinazojenga ngozi, misuli, mifupa na damu, ambazo hufa pamoja na mwenyewe. Kisha kuna seli za uzazi, ambazo hutengwa mapema na kuhifadhiwa kwa ajili ya kizazi kijacho. Kwa mtazamo huu, seli za uzazi ni mfano wa kito cha ukoo kilichofungiwa sandukuni, na mwili si chochote ila mchukuzi anayelibeba sanduku kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Mchukuzi hana ruhusa ya kulifungua. Na lau kito kitapotea, hana uwezo wa kukitengeneza kingine.

Kwa binadamu, na kwa wanyama wengi wanaojulikana zaidi, picha hii haiko mbali na ukweli. Seli zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za kiume hutengwa kijusi kikiwa na majuma machache tu tumboni. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, yapatayo milioni moja hadi mbili, na tangu siku hiyo akiba hiyo hupungua wala haiongezwi. Kati ya mayai hayo yote, ni mamia machache tu yatakayokomaa na kutolewa katika umri wake wote. Ugonjwa ukiyaangamiza, hakuna shina lingine mwilini litakalochipuza mengine. Hapa ndipo penye uchungu wa neno “tasa” katika jamii: hutamkwa kama hukumu isiyo na rufani.

Lugha ya Kiswahili, lakini, haikungoja nadharia ya Weismann ili itaje chanzo cha uhai, na katika jambo hili imekuwa na busara ya kipekee. Mkulima wa Kilifi akisema anatafuta mbegu ya mahindi, anakusudia punje, zao la ua. Mkulima yuyo huyo akisema anatafuta mbegu ya muhogo, hatafuti punje. Anatafuta pingili, yaani kipande cha shina kilichokatwa kwa panga. Neno ni lile lile, mbegu, ilhali moja ni tunda la uzazi na nyingine ni kipande cha mwili. Pingili hiyo ikipandwa huota mizizi, shina na majani. Na siku zikitimia, mmea ulioanzia katika kipande kisicho na ua hutoa maua yake wenyewe. Muhogo haukuwahi kuweka akiba ya maua sandukuni. Ncha inayokua ndiyo hutoa majani leo na maua kesho, kwa kadiri ya majira. Hakuna mkulima anayelishangaa hilo kwa mmea. La kushangaza ni kwamba wako wanyama wanaoishi kwa kanuni hiyo hiyo.

Mnyama huyo ni planaria, mnyoo bapa wa maji matamu. Urefu wake ni kama ukucha wa kidole. Kichwa chake kina madoa mawili ya macho yanayomfanya aonekane mwenye makengeza, na mdomo wake haumo kichwani bali katikati ya tumbo. Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa planaria, dimbwi dogo chini ya jiwe ni ulimwengu mzima. Lakini kiumbe huyu dhaifu ana sifa iliyowakosesha wataalamu usingizi tangu karne ya kumi na nane: akikatwa vipande, kila kipande huwa mnyoo kamili. Mnamo mwaka wa 1898, Mmarekani Thomas Hunt Morgan, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1933 kwa utafiti wake kuhusu kromosomu, aliripoti kwamba hata kipande kilicho sehemu moja tu kati ya 279 za mwili wa planaria chaweza kuufufua mwili wote.

Siri ya ufufuo huo imo katika seli ziitwazo neoblasti. Hizi ni seli shina zilizotapakaa karibu kila mahali mwilini mwa mnyoo, na ndizo pekee, miongoni mwa seli za mwili, zinazogawanyika. Seli ya ngozi ikichakaa, neoblasti huzaa nyingine. Neva ikikatika, neoblasti huileta mpya. Mnyoo akipigwa na mionzi mikali, neoblasti hufa zote, naye hupoteza uwezo wa kujijenga na kufa baada ya majuma machache. Mwaka wa 2011, watafiti nchini Marekani walichukua mnyoo aliyekwisha hukumiwa kifo kwa mionzi, wakampandikiza neoblasti moja tu kutoka kwa mnyoo mwingine. Seli hiyo moja iligawanyika, uzao wake ukaenea, na mnyoo akanusurika huku tishu zake zikijengwa upya na wana wa seli ile ya kigeni. Ama kwa hakika, ni vigumu kupata ushahidi ulio bayana zaidi kuhusu maana ya neno shina.

Hata hivyo, kuota kichwa au mkia ni jambo moja. Kuota uwezo wa kuzaa ni jambo jingine. Planaria wa jamii inayojamiiana ni huntha: kila mmoja ana ovari mbili nyuma ya ubongo na korodani nyingi ndogo ndogo pembezoni mwa mgongo. Basi yafaa kuuliza: je, kipande cha mnyoo kilichokatwa mahali pasipo na ovari wala korodani, kitarudi kuwa mnyoo tasa au mnyoo mzazi? Kwa mujibu wa nadharia ya sanduku, sharti awe tasa, maana kito kimebaki katika kipande kingine. Morgan alilijaribu jambo hilo na mwaka wa 1902 akaripoti kinyume chake. Kipande cha kichwa, kilichokatwa mbele ya ovari, kilikua kikawa mnyoo mwenye viungo kamili vya uzazi. Mchukuzi alikuwa amekitengeneza kito upya, tena bila sanduku.

Kwa miaka zaidi ya mia moja matokeo hayo yalikaa kama kitendawili kisichoteguliwa. Ilingojewa mbinu ya kuchungulia ndani ya seli na kuona ni jeni ipi inafanya kazi, na ni mbinu hiyo iliyotumiwa mwaka wa 2007 na Yuying Wang, Ricardo Zayas, Tingxia Guo na Phillip Newmark wa Chuo Kikuu cha Illinois. Walimchunguza planaria aitwaye kitaalamu *Schmidtea mediterranea*, na wakaifuatilia jeni moja, *nanos*, ambayo tayari ilijulikana kuwa mlinzi wa seli za uzazi katika wanyama wa aina nyingi, kuanzia nzi wa matunda. Walipotazama ovari na korodani za minyoo waliokomaa, waliiona dalili ya jeni hiyo waziwazi. Walipotazama minyoo walioanguliwa karibuni, wengi mno hawakuwa nayo. Walipotazama vipande vidogo vilivyokatwa, vile ambavyo baadaye vingeota viungo vya uzazi, humo pia haikuonekana. Kwa maneno mengine, hapakuwa na akiba iliyofichwa. Seli za uzazi hazikuwako. Kisha, mwili ulipokua na kufikia kimo chake, zikawako.

Kisha wakaizima jeni hiyo. Mnyoo aliyezimiwa *nanos* aliweza kuota kichwa, macho, utumbo na mkia kama kawaida. Kwa kumtazama tu mtu asingeona kasoro yoyote. Lakini hakuota ovari wala korodani. Minyoo wachanga hawakuzikuza, waliokatwa hawakuzirudisha, na watu wazima waliokuwa nazo walizipoteza. Matokeo haya yanabainisha hatua mbili ambazo lugha ya kawaida huzichanganya. Kuna kuwa na shina, na kuna shina kupewa jukumu. Neoblasti ndiyo shina. *Nanos* ni sehemu ya agizo linaloiwezesha seli kushika njia ya uzazi na kubaki katika njia hiyo.

Katika utafiti huo huo lilijitokeza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wako planaria wa spishi hiyo hiyo wasiojamiiana kamwe. Wao huongezeka kwa kujipasua: mkia hushika mwamba, sehemu ya mbele huvuta, mwili ukakatika, na pande zote mbili zikawa minyoo. Hawana mayai wala mbegu za kiume. Lakini walipochunguzwa, mahali pale pale ambapo korodani zingepaswa kuwa, palikutwa vikundi vya seli zenye dalili ya *nanos*. Seli za uzazi zilikuwa zimekwisha teuliwa, ila zikazuiwa kuendelea. Minyoo hao walioitwa wasio na uzazi walikuwa nao mlangoni. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuingia.

Nani basi hutoa ruhusa hiyo? Uchunguzi wa miaka iliyofuata umeonyesha kuwa ni mwili mzima kwa umoja wake. Mwaka wa 2010 iligunduliwa kwamba neva za planaria hutoa homoni ndogo ya aina ya peptidi, na kwamba homoni hiyo ikizimwa, korodani husinyaa na kurudi katika hali ya utoto. Mnyoo akikatwa kichwa, korodani zilizosalia mwilini nazo husinyaa. Kichwa kikiota tena, nazo hukua tena. Mnyoo akishinda na njaa, hupungua kimo siku baada ya siku na viungo vyake vya uzazi huyeyuka. Akipata chakula, huvirudisha. Mwaka wa 2013 ilithibitishwa zaidi kuwa iko jeni inayosimamia upande wa kiume peke yake: ikizimwa, viungo vya kiume hutoweka na vya kike vikabaki. Kwa planaria, basi, uzazi si mali aliyorithi na kuiweka. Ni uamuzi ambao mwili wake huufanya na kuufanya tena, kwa kuzingatia ubongo wake, shibe yake na kimo chake.

Lau habari hii ingeishia dimbwini, ingekuwa maajabu ya kupendeza na kusahauliwa. Lakini minyoo bapa wana jamaa zao, na kikulacho ki nguoni mwako. Miongoni mwa jamaa hao ni *Schistosoma*, kimelea kinacholeta kichocho. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz alikitambua jijini Cairo mwaka wa 1851, na kimelea hicho si mgeni nchini Kenya. Kipo katika mashamba ya mpunga ya Mwea na kando ya Ziwa Victoria, ambako aina iitwayo *mansoni* hushambulia utumbo na ini. Kipo pia Pwani, katika kaunti kama Kwale na Tana River, ambako aina iitwayo *haematobium* hushambulia kibofu na viungo vya uzazi. Mtoto anayeogelea mferejini, mama anayefua mtoni, mvuvi anayesukuma mtumbwi: hao ndio kimelea hicho huwapata, kwa kupenya ngozi zao kikiwa kilava kisichoonekana kwa macho.

Kilava hicho hutoka kwa konokono wa majini. Mwaka wa 2013 vilichapishwa vielelezo kuwa kimelea hiki nacho kina seli shina zinazofanana na neoblasti, katika umbo lake la utotoni ndani ya konokono na katika umbo lake la utu uzima ndani ya binadamu. Mwaka wa 2018 ikaonyeshwa kuwa seli shina chache anazotoka nazo kilava kwa konokono ndizo huanzisha seli za uzazi za mnyoo mzima. Kimelea hiki hakiwezi kuota kichwa kilichokatwa kama planaria. Lakini kimeurithi ule ubingwa wa kujikarabati, na ndiyo sababu kinaweza kukaa katika mishipa ya damu ya mtu miaka mingi, huku kikizaa bila kuchoka.

Tofauti moja ni ya kuzingatiwa. *Schistosoma* si huntha. Wapo dume na jike, na jike hulala ndani ya mfereji ulio mwilini mwa dume. Jike asiyepata dume hubaki mchanga, ovari yake haikui. Akipata dume, ovari hukua na mayai huanza kutoka. Akitenganishwa naye, ovari husinyaa. Akiunganishwa tena, hurudi. Kile ambacho kwa planaria huamuliwa na ubongo wake mwenyewe, kwa jike huyu huhitaji pia neno la mwenziwe. Neno hilo lilifahamika mwaka wa 2022: ni molekuli ndogo mno ambayo dume huitengeneza akiwa na jike, ambayo hata peke yake, bila dume kuwepo, yaweza kulifanya jike likomae na kutaga. Jike la *mansoni* hutaga mayai yapatayo mia tatu kwa siku.

Mayai hayo ndiyo ugonjwa wenyewe. Mnyoo mzima hutulia mshipani bila kumsumbua sana mwenyeji wake. Ni mayai yanayokwama katika nyama za mwili yanayosababisha uvimbe, makovu na damu. Yakikwama inini huleta kovu linaloziba njia ya damu. Yakikwama katika kibofu huleta mkojo wa damu. Na mayai ya *haematobium* yakikwama katika mlango wa kizazi au katika mirija ya uzazi ya mwanamke, huleta vidonda, maumivu, kuharibika kwa mimba na, kwa baadhi yao, utasa. Hapa ndipo kinaya cha habari hii kinapokuwa kizito. Kidudu ambacho mwili wake unajua kuurudisha uzazi uliopotea humpokonya uzazi binadamu ambaye mwili wake haujui kuurudisha. Mnyoo hutumia shina lisilokwisha. Mwanamke hutumia akiba isiyoongezwa.

Kinaya hicho hakiishii kwenye seli. Dalili za kichocho cha viungo vya uzazi hufanana na za magonjwa ya zinaa, na si mara moja mwanamke aliyeambukizwa akiwa msichana mdogo mtoni ameshukiwa uzinzi akiwa mke wa mtu. Huitwa mkosefu kwa sababu ya damu, kisha huitwa tasa kwa sababu ya kimya cha tumbo lake. Jamii huhukumu tabia pale ambapo kilichohitajika ni kuchunguza maji. Maarifa ya minyoo bapa hayawezi kumrudishia mwanamke huyo mirija iliyokwisha kovu, lakini yanaweza kumwondolea lawama, na kumkinga binti yake.

Yanaweza pia kuonyesha mahali pa kupiga. Dawa kuu ya kichocho ni prazikwanteli, ambayo imetumika kwa miongo mingi. Huwaua minyoo wazima, lakini haiwadhuru vya kutosha walio wachanga, na haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 zaidi ya watu milioni 250 walihitaji tiba ya kukinga ugonjwa huu. Kutegemea dawa moja mbele ya umati wa kiasi hicho ni sawa na kuvuka bahari kwa ngalawa isiyo na kafi ya akiba. Ikiwa uzazi wa mnyoo ni uamuzi unaofanywa kila siku, basi ni uamuzi unaoweza kuzuiwa. Mnyoo asiyetaga hasababishi makovu mapya, wala hapeleki mayai mtoni kumtafuta konokono. Dawa ya namna hiyo ingali ikitafutwa, lakini mlango wake umekwisha onekana.

Wako watakaouliza habari hii ina uhusiano gani na wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba anayeingia majini haulizwi kama amesoma biolojia. Huulizwa, ikiwa atabahatika kuulizwa, kwa lugha anayoifahamu. Istilahi kama seli shina, kijusi, huntha na kichocho zimo tayari katika lugha. Neoblasti na peptidi zinaingia bila kuvunja sarufi. Neno mbegu, kwa upande wake, limekuwa likifundisha kwa karne nyingi kwamba chanzo cha uhai chaweza kuwa punje au pingili. Kinachokosekana si msamiati. Ni mtu wa kukaa na muuguzi wa zahanati ya Tana River, au na mwalimu wa shule iliyo kando ya mfereji wa Mwea, akayasema haya kwa sentensi zinazoeleweka: kwamba damu katika mkojo wa mtoto si dalili ya kubalehe, kwamba utasa si laana, na kwamba adui ni mnyoo ambaye nguvu yake yote imo katika kuzaa.

Planaria hana sanduku la akiba, na kwa sababu hiyo hana cha kuibiwa. Binadamu analo, na ni dogo. Wanaoifahamu lugha ya wenye sanduku hilo wana wajibu wa kuwajulisha ni nani anayelinyemelea, na hunyemelea akitokea wapi.